Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.): Mfanyabiashara Aliyejua Nani wa Kumwamini



Kila aliyepita madrasa anajua mambo matatu kuhusu Bibi Khadija (R.A.): alikuwa mke wa kwanza wa Mtume Muhammad (S.A.W.), alikuwa mtu wa kwanza kumwamini, na alikuwa tajiri. Yote matatu ni kweli. Tatizo ni kwamba tumezoea kuyataja kama mambo yasiyohusiana. Utajiri wake tunaupitia kwa sentensi moja, kisha tunakimbilia ndoa na wahyi. Katika toleo hili tumeona tuyasome maisha yake kwa kuanzia pale alipojulikana kwanza na watu wa mji wake, yaani kwenye biashara. Ukifuatilia namna alivyoendesha mali yake, utaona kuwa kipaji kilichomtajirisha ndicho hicho hicho kilichomtanguliza katika imani. Alijua kumpima mtu, kumkabidhi amana, na kusimama naye baada ya hapo.

Binti wa nyumba yenye jina

Bibi Khadija alizaliwa Makka katika kabila la Quraish, ukoo wa Banu Asad. Baba yake, Khuwaylid bin Asad, alikuwa katika wakubwa wa mji, mtu wa mali na heshima. Mama yake aliitwa Fatima bint Zaida. Nasaba yake na ya Mtume (S.A.W.) zinakutana kwa Qusayy, babu aliyewakusanya Maquraishi na kuwaweka Makka. Kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, alizaliwa miaka 15 hivi kabla ya Mwaka wa Tembo, karibu na mwaka 555 Miladia.

Makka ni bonde kavu lililozungukwa na majabali. Hakuna mto, hakuna shamba la kutegemea. Sisi wa Rubavu, ambao tukipanda kitu kwenye udongo wa volkano kinaota, ni lazima tujilazimishe kuifikiria hali hiyo. Watu wa Makka waliishi kwa vitu viwili: Nyumba Tukufu iliyowaletea mahujaji, na misafara ya biashara. Qur'an yenyewe, katika Sura Quraish, inaitaja safari yao ya kusi na ya kaskazi, maana yake safari ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Ya baridi ilikwenda Yemen, ya joto ilikwenda Sham. Mtoto aliyekulia nyumba kama ya Khuwaylid alikuwa akisikia habari za bei, ngamia, madeni na washirika kabla hajajua kusokota uzi.

Bibi Khadija aliolewa mara mbili kabla ya kuolewa na Mtume (S.A.W.). Waume zake walikuwa Abu Hala, wa kabila la Tamim, na Atiq bin Aidh, wa Banu Makhzum. Wanazuoni wametofautiana ni yupi aliyetangulia. Katika ndoa hizo alipata watoto, mmojawao akiwa Hind bin Abi Hala, mwanamume aliyekuja kusilimu na ambaye maelezo yake ya sura na mwenendo wa Mtume (S.A.W.) yamehifadhiwa katika vitabu vya Shamail.

Baada ya ndoa hizo alibaki peke yake, mwenye mali na watoto, katika mji ambao mwanamke hakuwa na nguvu nyingi. Wanaume wenye vyeo walimposa, naye akawakatalia. Watu wa Makka walimwita At-Tahira, yaani aliye safi, na jina hilo alilipata zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu kuja. Katika mji wa riba na dhuluma, mfanyabiashara kuitwa msafi si jambo dogo.

Misafara bila kusafiri

Bibi Khadija hakuwa akitoka na misafara mwenyewe. Alifanya kazi kwa mtaji na mawakala. Alimpa mtu bidhaa, mtu huyo akasafiri nazo, akauza, akanunua nyingine, na aliporudi wakagawana faida kwa fungu walilokubaliana. Mafakihi baadaye waliuita mkataba wa namna hii mudharaba, na Uislamu ulipokuja uliukubali. Mwenye mali anatoa mtaji, mwenzake anatoa kazi yake. Faida ikipatikana wanagawana. Hasara ikitokea bila uzembe wa wakala, mwenye mali anapoteza mtaji na wakala anapoteza jasho lake.

Wanafunzi wa uchumi na usimamizi wataona mara moja ugumu uko wapi. Kutoka Makka hadi Busra, mji wa soko huko Sham, ni zaidi ya kilomita 1,200. Ngamia anahitaji zaidi ya mwezi mmoja kwenda tu. Hapakuwa na simu ya kuulizia bei, wala risiti, wala benki ya kutumia pesa. Wakala akisema ameuza kwa bei ya chini, utamkanusha kwa lipi? Akisema ngamia wawili wamekufa njiani, utawafuata wapi mizoga yao? Biashara nzima ilisimama juu ya tabia ya mtu aliye mbali na macho yako.

Babu zetu wa Afrika Mashariki waliijua hali hii. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na neno lao, mali kauli, yaani bidhaa zinazotolewa kwa mtu kwa ahadi ya mdomo naye aende nazo bara kisha arudi kulipa. Uislamu wenyewe ulifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na makarani waliotoka huko pwani. Kwa hiyo Bibi Khadija si mgeni kwetu. Kazi yake ni ndugu wa kazi iliyotuletea dini.

Kwa njia hiyo alipanda juu mno. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba msafara wa Maquraishi ulipotoka, mali yake peke yake ililingana na ya wengine wote wakiwekwa pamoja. Hata ukisema masimulizi yamekuza kidogo, bado inabaki kwamba hapakuwa na mwanamke wa Makka aliyemfikia, na wanaume waliomfikia walikuwa wachache.

Kijana aliyeitwa Al-Amin

Karibu na mwaka 595 Miladia alihitaji mtu wa kupeleka bidhaa zake Sham. Alikuwa amesikia habari za kijana wa Banu Hashim, yatima aliyelelewa na ami yake Abu Talib, ambaye hakuwa na mtaji wowote. Alichokuwa nacho ni jina: watu walimwita Al-Amin, mwaminifu. Bibi Khadija akampelekea ujumbe, akampa kazi hiyo kwa malipo makubwa kuliko aliyozoea kuwapa wengine.

Hapa tutulie kidogo. Makka ilikuwa na wazoefu wengi wa njia ya Sham. Mwenye mali nyingi angeweza kuwatafuta wenye uzoefu zaidi, au wenye dhamana ya ukoo tajiri. Yeye alilipia uaminifu, tena aliulipia zaidi ya bei ya soko. Lakini kuamini kwake hakukuwa kwa kufumba macho. Alimtuma Maysara, mtumishi wake, afuatane na kijana huyo safari nzima. Kwa hiyo alimpa mtu amana, na papo hapo akaweka shahidi.

Muhammad (S.A.W.) alikwenda Busra, akauza, akanunua bidhaa za kurudi nazo. Zilipouzwa Makka, faida ilifikia maradufu au karibu yake. Kisha Maysara akatoa ripoti yake, nayo haikuhusu hesabu tu. Alieleza namna kijana yule alivyoamiliana na watu, ukweli wake na upole wake njiani. Mfanyabiashara mwingine angefurahia faida na kumpa kijana safari nyingine. Bibi Khadija aliona jambo kubwa zaidi ya safari.

Ndoa na nyumba

Alimtuma rafiki yake, Nafisa bint Munya, akachunguze kwa adabu iwapo kijana anafikiria kuoa. Muhammad (S.A.W.) alijibu kwamba hana cha kuolea. Nafisa akamuuliza ingekuwaje kama mambo hayo yangetoshelezwa na akaitiwa mwanamke mwenye mali, uzuri na heshima. Alipotajiwa jina, akakubali. Ami zake walikwenda kuposa, Abu Talib akahutubia, na upande wa bibi harusi, kwa kauli yenye nguvu, alisimama ami yake, Amr bin Asad. Mapokezi ya mahari yanatofautiana: ya Ibn Hisham yanataja ngamia jike 20.

Kwa mapokezi mashuhuri bwana harusi alikuwa na miaka 25 na bibi harusi 40, na yapo mapokezi yanayompa Bibi Khadija miaka 28. Vijana wetu hupenda kujadili umri huo hadi usiku. Lenye faida zaidi kwetu ni kwamba mwanamke alianza kutafuta ndoa bila kuvunja heshima yake, na mwanamume hakuona aibu kwamba mkewe ana mali na yeye hana. Alimwoa kwa mahari, kwa mashahidi na kwa walii, kama inavyotakiwa, na hakumwoa mke mwingine maisha yake yote, miaka ipatayo 25.

Mwenyezi Mungu aliwaruzuku watoto sita: Al-Qasim, Abdullah, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima. Wavulana wote wawili walifariki wadogo. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto wengine pia. Zayd bin Haritha alikuwa mtumwa aliyenunuliwa na Hakim bin Hizam, mpwa wa Bibi Khadija, akampa shangazi yake. Bibi Khadija akampa mumewe, naye akamwacha huru na kumlea kama mwanawe. Ali bin Abi Talib naye alichukuliwa wakati wa njaa ili kumpunguzia baba yake mzigo. Mali ya Bibi Khadija ilianza kufanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya wahyi.

Usiku wa Hira

Mwaka 610, Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka pango la Hira akitetemeka, akaomba afunikwe. Alieleza yaliyomfika na kwamba anajihofia nafsi yake.

Bibi Khadija hakuwa mwanazuoni wa vitabu. Hakuwa ameona malaika. Alilokuwa nalo ni kumjua mtu huyu kwa miaka 15 ya ndoa, na kabla ya ndoa kwa mizani ya biashara. Akamwambia kuwa Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe, na akatoa sababu moja baada ya nyingine: anaunga udugu, anabeba mizigo ya wanyonge, anamsaidia asiye na kitu, anamkirimu mgeni, anasimama na waliopatwa na misiba.

Angalia sababu hizo. Zote ni matendo yanayoonekana. Ni ushahidi wa aina ile ile aliyoitaka kwa Maysara: mtu huyu anafanya nini asipotazamwa, na anawafanyia nini wasioweza kumlipa? Kutokana na hayo akahukumu kwamba mtu kama huyu hawezi kuwa mwongo wala mchezewa na shetani. Kisha, kama kawaida yake, akatafuta shahidi wa pili. Alimchukua mumewe kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyekuwa Mkristo na msomaji wa vitabu vya kale, naye akathibitisha kuwa aliyemjia ni yule yule aliyemjia Nabii Musa (A.S.).

Hivyo ndivyo mtu wa kwanza alivyoingia Uislamu. Wapo wanaodhani imani ya Bibi Khadija ilikuwa mapenzi ya mke tu. Mapenzi yalikuwepo, tena makubwa. Lakini aliamini kwa hoja na kwa kumbukumbu, na ndiyo maana imani yake haikutikisika mambo yalipokuwa magumu.

Bondeni

Mambo yalikuwa magumu kweli. Kuanzia mwaka wa 7 wa utume, Maquraishi walipatana kuwasusia Banu Hashim na Banu Muttalib: wasiwaoze wala wasioe kwao, wasiwauzie wala wasinunue kwao. Mkataba huo waliuandika na kuutundika ndani ya Kaaba. Waliosusiwa walikaa katika bonde la Abu Talib kwa miaka miwili au mitatu, na vilio vya watoto wenye njaa vilisikika nje ya bonde.

Bibi Khadija hakuwa wa Banu Hashim, alikuwa wa Banu Asad. Alikwenda na mumewe, akiwa mtu mzima aliyezoea maisha ya raha. Silaha iliyotumiwa dhidi yao ilikuwa ya kibiashara, kuwafungia soko, na yeye aliyekuwa jina kubwa sokoni akafungiwa pamoja nao.

Kuna tukio moja la siku hizo ambalo sira imelihifadhi. Hakim bin Hizam alikuwa akipeleka ngano bondeni kwa shangazi yake. Abu Jahl akamkamata njiani, akamzuia. Akatokea Abul-Bakhtari bin Hisham, ambaye wala hakuwa Mwislamu, akamtetea Hakim kwa kusema kuwa chakula hicho ni mali ya shangazi yake aliyoiweka kwake, basi kwa nini azuiwe kumfikishia? Wakapigana hadi Abu Jahl akajeruhiwa. Kwa hiyo hata katika kifungo, Bibi Khadija alikuwa na amana kwa mtu nje, na mtu huyo alikuwa tayari kuhatarisha nafsi yake kuirudisha.

Susio lilivunjwa, lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 10 wa utume, yapata 619 Miladia, miaka mitatu kabla ya Hijra. Abu Talib alifariki mwaka huo huo, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Alizikwa Al-Hajun, juu ya Makka, na Mtume (S.A.W.) aliingia kaburini mwenyewe kumlaza. Swala ya jeneza ilikuwa bado haijafaradhishwa.

Kidani

Mali yake ilikwenda wapi? Iliwalisha waliosusiwa na ikauhudumia ujumbe ulipokuwa hauna mtetezi. Baadaye Mtume (S.A.W.) alikuwa akimkumbuka kwa kueleza kuwa alimwamini watu walipomkanusha, na alimsaidia kwa mali yake watu walipomnyima. Alipochinja mbuzi huko Madina aliwapelekea nyama rafiki zake wa zamani, hata Bibi Aisha (R.A.) akakiri kwamba hakuna mke aliyemwonea wivu kama huyu ambaye hakuwahi kukaa naye nyumba moja.

Kitu kimoja cha mali ile kinaonekana tena. Binti yao mkubwa, Zaynab, alikuwa ameolewa na Abul-As bin ar-Rabi, mtoto wa dada yake Bibi Khadija. Ni Bibi Khadija aliyemtaka awe mkwe, maana alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana kwa uaminifu. Uislamu ulipokuja, Abul-As hakusilimu. Mwaka wa 2 Hijria alikamatwa katika vita vya Badri akiwa upande wa washirikina. Zaynab akapeleka fidia kutoka Makka, na ndani yake kulikuwa na kidani alichopewa na mama yake siku ya harusi. Mtume (S.A.W.) alipokiona alishikwa na huzuni kubwa, akawaomba Masahaba, kama wataona vyema, wamwachie mateka na wamrudishie Zaynab kidani chake. Wakakubali.

Je, Bibi Khadija alikosea kuhusu mkwe huyu? Miaka michache baadaye Abul-As alikuwa akitoka Sham na mali za Maquraishi, Waislamu wakaukamata msafara wake, na kwa hisani ya Zaynab akarudishiwa kila kitu. Akiwa Madina angeweza kusilimu na kubaki na mali. Alirudi kwanza Makka, akampa kila mtu haki yake, akawauliza kama kuna anayemdai. Waliposema hakuna, hapo ndipo alipotamka shahada mbele yao na kuhamia Madina. Bibi Khadija alikuwa kaburini kwa miaka kadhaa, na bado hesabu yake juu ya mtu huyu ikatoka sawa.

Sisi wa Rubavu

Mji wetu uko mpakani. Kwa miaka mingi watu kwa maelfu wamekuwa wakivuka Petite Barrière kila siku kati ya Gisenyi na Goma, wengi wao wanawake wenye mboga, matunda na maziwa. Wengi wetu ada zetu zimetoka kwenye beseni la mama au kwenye ikimina ya mtaa. Kwa hiyo dada anayesoma biashara chuoni asibabaishwe na anayemwambia kuwa soko na uchamungu havikai pamoja. Mama wa waumini alikuwa sokoni kabla yetu, na aliitwa At-Tahira akiwa huko huko.

Lakini tusilichukue nusu ya somo. Siku hizi kila kijana anasema anatafuta mtaji. Ni wachache wanaojiuliza kama wanafaa kukabidhiwa. Kijana aliyepewa msafara mkubwa kuliko yote Makka hakuwa na kitu isipokuwa jina lake, na jina hilo alilijenga kwa miaka, katika mambo madogo. Anayekopa faranga 2,000 kwa mwenzake wa chumbani na kuanza kumkwepa msikitini, anayeshika hela za jumuiya na kushindwa kutoa hesabu, huyo anajifungia mlango ambao hata mwenye mtaji hawezi kumfungulia. Na mwenye kutoa mtaji naye ajifunze kwa Bibi Khadija: umpime mtu kwa matendo, uweke mashahidi na maandishi, ulipe vizuri, na ukishamwamini kwa haki usimtupe siku watu wanapomgeukia.

Imepokewa kwamba Jibril (A.S.) alimletea salamu kutoka kwa Mola wake, pamoja na bishara ya nyumba Peponi isiyo na kelele wala uchovu. Kwa mtu aliyeishi katika makelele ya misafara, kisha akavumilia taabu ya bonde la Abu Talib, hayo ni malipo yanayomfaa kabisa.

Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Khadija, awabariki mama zetu wanaotafuta riziki ya halali, na atujaalie tuwe watu wa kukabidhiwa. Amin.